Kuchonga mwiko wa bugali kwa mti mbichi, mkiwa kikundi

Hapa Goma tumezoea kuona mti ukiwa makala ya kupikia au chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Chukudu ni kazi ya fundi aliyekomaa. Kikundi kinachoanza kianze na mwiko. Mwiko wa bugali ni bapa, hauna shimo la kuchimba. Leteni msumeno, kishoka chepesi, kisu kifupi kikali na gogo la kukatia. Kaeni chini ya miti ya mtu aliyewaruhusu. Mti wa Hifadhi ya Virunga hauguswi. Chini ya gogo tandikeni magunia, maana shoka likiteleza likagonga jiwe la volkano, makali yamekwisha.

Kila mmoja anyooshe mkono wenye kisu na kugeuka polepole. Akikaribia kumgusa mwenzake, asogee.

1. Tawi. Tafuteni grevilea au mti wa avoka, uliokatwa karibuni, maana mbichi ndio laini. Mkaratusi waachieni wa chukudu: ni mgumu, na ukikauka hupenda kupasuka. Kateni sentimita 45 pasipo kifundo.

2. Kupasua. Weka makali ya shoka juu ya kiini, yaani moyo ulio katikati ya tawi, ligonge kwa rungu la mti. Kisha chonga kiini chote kitoke. Mti ukikauka husinyaa zaidi kufuata mviringo wake kuliko kuelekea katikati, kwa hiyo kipande chenye kiini hupata nyufa.

3. Kusoma nyuzi. Hapa huwa ninawachelewesha watu makusudi. Pitisha kidole gumba upande uliopasuka, ufuate mistari hadi mwisho, ndipo uchore mwiko kwa makala. Halafu badilishaneni vipande. Jicho la mwenzako litaona upesi mahali nyuzi zinapotoka nje ya mpini, kwa sababu yeye hajaupenda mchoro wako. Mpini uliokatiza nyuzi utavunjika siku ya kusonga bugali wa muhogo wa watu wengi.

4. Shoka. Mkono unaoshika uwe juu, shoka litue chini yake. Piga mikato mifupi kwanza, kisha uondoe mti uliokatwakatwa.

5. Kisu. Chonga kutoka penye unene kwenda pembamba. Ukisikia kisu kinazama na kung'oa nyuzi badala ya kuzikata, usikisukume kwa nguvu: geuza kipande, uje kutoka upande wa pili. Viwiko viegemee magoti, kazi iwe mbele yake. Kuchonga juu ya paja sikubali, hata kwa mwenye uzoefu. Mshipa mkubwa wa damu unapita hapo.

6. Kukausha. Funga mwiko ndani ya gazeti pamoja na maganda uliyochonga, uweke kivulini wiki moja au mbili, mbali na mbabula, jiko la makala. Msasa ni hiari. Mimi napenda alama za kisu zibaki. Mawese usipake, hayakauki na huacha harufu. Uloweshe kwa maji moto, uache ukauke, kisha kwangua vinyweleo vilivyosimama. Ukirudia mara ya pili vitasimama vichache, na hapo unaweza kuupeleka jikoni.