Kunusurika na wawindaji wa usiku: mwongozo wa ndege za mabomu za Wapolandi, 1940–1945

Vikosi vinne vya mabomu vya Wapolandi viliundwa Uingereza mwaka 1940: cha 300, 301, 304 na 305. Walianza na ndege za Fairey Battle, wakahamia Wellington yenye injini mbili, na kikosi cha 300 kikapewa Lancaster mwaka 1944 huko Faldingworth. Mwongozo huu ni wa safari za usiku, na wawindaji wake ni ndege za kivita za Wajerumani zilizosaka ndege za mabomu gizani. Mchana ulikuwa umeshatoa jibu lake: tarehe 18 Desemba 1939, kati ya Wellington 22 za Waingereza zilizofika eneo la Wilhelmshaven, 12 hazikurudi.

Jambo la kwanza ni kuona kabla ya kuonwa. Bunduki za mkiani, mbili au nne kulingana na toleo la ndege, ni za milimita 7.7; Mjerumani ana mizinga ya milimita 20 inayopiga mbali zaidi. Kwa hiyo, ukimwona naye hajakuona, usifyatue. Mwambie rubani ageuke polepole na kumpotea gizani. Miali ya bunduki zako itamwonyesha ulipo.

Macho yanahitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe wa sekunde chache unaharibu kazi hiyo yote. Usikodolee moto wa mji unaoungua chini. Angalia pembeni kidogo ya kitu unachokishuku, maana usiku katikati ya jicho haioni vizuri. Futa kioo cha kibanda cha bunduki kabla ya kuruka. Doa moja la uchafu hugeuka ndege ya adui. Wapiga bunduki wengi waliondoa kabisa kipande cha kioo cha mbele yao, wakakubali baridi ili waone.

Baridi hiyo ina adhabu zake. Mafuta mazito kwenye bunduki huganda, basi paka kidogo sana, tena mepesi, na ufyatue risasi chache za majaribio juu ya Bahari ya Kaskazini. Zaidi ya futi 10,000 (mita 3,000) vaa barakoa ya oksijeni, na uuminye mpira wake wa kupitishia hewa mara kwa mara, kwa kuwa mvuke wa pumzi huganda ndani na kuziba hewa. Anayekosa oksijeni hujiona mzima, ndiyo maana lazima wenzake wamwite kila baada ya muda kwenye simu ya ndani.

Adui akishakuja kushambulia, fanya kizibuo, yaani ndege ijipinde hewani kama skrubu ya kuzibulia chupa. Mpiga bunduki ataje upande tu, kwa Kipolandi, lugha ambayo mtu aliyeshtuka haitafsiri kichwani: “W lewo!” ni kushoto, “W prawo!” ni kulia. Rubani ainamishe ndege na kupinda kwa nguvu kuelekea upande anakotoka adui, ashuke kama futi 1,000, kisha apande huku akigeuza upande, na kurudia. Ukipinda kumkimbia unajipanga mbele ya mizinga yake. Ukimwelekea, inambidi apinde zaidi kuliko kasi yake inavyomruhusu. Mwongozaji njia aandike saa ya kila mzunguko, la sivyo mtanusurika na adui kisha mkapotea njia.

Kuanzia 1943 hatari kubwa ilihamia chini. Baadhi ya ndege za Wajerumani zilifungwa mizinga inayotazama juu, na rubani wake alijisogeza taratibu tumboni mwa ndege, akalenga matangi ya mafuta kwenye bawa ili asiyalipue mabomu juu ya kichwa chake mwenyewe. Kizibuo hakisaidii dhidi ya mtu usiyemwona. Kila dakika chache rubani alaze ndege bawa moja chini, kisha jingine, wapiga bunduki wachungulie.

Mpiga bunduki wa mkiani hana nafasi ya parachuti kibandani. Parachuti huning’inia ndani ya ndege, nyuma yake. Ikitolewa amri ya kuruka nje, aichukue na kuivaa kwanza, kisha azungushe kibanda hadi mlango utazame nje, ajiangushe kinyumenyume. Injini inayokiendesha ikifa, atumie mkono wa kuzungushia, na asisubiri amri ya pili.