Gambuti ya baridi ya Molo: kunja kwanza, bei baadaye

Mwaka juzi nilinunua gambuti jozi mbili katika msimu mmoja wa viazi. Ya kwanza ilipasuka kifundoni kabla hatujachimba hata mfuko mmoja. Ya pili niliiharibu mwenyewe, na nitakiri huko chini. Tangu hapo majirani hunibeba sokoni niwachagulie, kwa hiyo nimeona niandike somo hili mara moja.

Walio mbali wajue kwamba Molo, huku Nakuru nchini Kenya, iko karibu mita 2,500 juu ya bahari. Saa kumi na moja asubuhi, ukikanyaga sakafu ya saruji kwenye chumba cha kukamulia, baridi inapanda hadi magotini.

Hatua ya kwanza ni kujua umeshika nini. Nyingi za dukani ni za plastiki, ile PVC, inayomiminwa kwenye kalibu ikatoka kipande kimoja bila mshono. Bei yake ni nafuu na inavumilia samadi. Ubaya wake ni kwamba ikipata baridi inakakamaa, na kitu kigumu kikikunjwa kutwa kinakatika palepale kinapokunjwa. Gambuti ya mpira wenyewe, ule utomvu wa mti, hubaki laini hata alfajiri, ila jua kali na mafuta huimaliza. Halafu kuna ya poliurethani, ambayo ukuta wake una vipovu vya hewa. Ni nyepesi, ina joto kuliko hizo mbili, na bei yake itakufanya uirudishe rafuni taratibu.

Hatua ya pili ndiyo somo lenyewe, na zilizobaki ni nyongeza. Shika shingo ya buti kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ikunje pale mguu unapokunjika ukichuchumaa chini ya ng'ombe. Ikunje mara kumi. Muuzaji akinung'unika, mwache anung'unike. Sasa tazama mkunjo kwenye mwanga. Plastiki ikibaki na mstari mweupe hata baada ya kuiachilia, irudishe, kwa maana mstari huo ndio utakaokuwa ufa ukishaivaa miezi mitatu. Kwenye mpira tafuta nyufa nyembamba kama nywele. Lakini usichanganye nyufa na unga mweupe! Mpira mzuri ukikaa stoo hutoa unga kama wa chaki, ni nta iliyomo ndani inayopanda juu. Pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo ya silikoni, unga unaondoka. Niliwahi kuacha jozi nzuri kwa ajili ya unga huo, na mwenzangu aliyeinunua bado anaivaa.

Soli: meno yawe marefu na yaachane, ili tope lidondoke ukitembea. Meno yaliyobanana hujaa, na kufikia saa nne unatembea na kilo mbili za shamba kila mguu. Unene wake pia utazame, kwa kuwa baridi ya sakafu huingilia chini, haiingilii kwenye shingo.

Kipimo. Nenda na soksi utakazovalia, hasa za sufu, maana za pamba zikishika jasho hukaa mbichi. Vaa, sukuma mguu mbele, na kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Watu wengi wanadhani joto ni unene wa buti. Hewa iliyotulia kati ya soksi na ukuta ndiyo inayokutunza, na damu lazima ipate njia. Gambuti inayobana itakugandisha vidole hata ikiwa na manyoya ndani. Na hayo manyoya, kama yameshonwa yasitoke, fikiria mara mbili: yakilowa Julai, huku kwetu hayakauki. Mimi napenda ya kawaida yenye soli ya ndani ya kutoa. Naitoa jioni, naianika, asubuhi iko tayari.

Mitumba nayo haikosi almasi. Tafuta kwenye soli au ndani ya shingo kiduara kidogo chenye namba 1 hadi 12 na mshale. Mshale unaonyesha mwezi wa kutengenezwa, na tarakimu mbili za kati ni mwaka. Ya poliurethani ikiwa ya miaka mingi usiichukue hata kama haijavaliwa, kwa sababu hujimong'onyoa yenyewe ikiwa stoo. Ukiona alama CI, soli imepimwa kuzuia baridi. S5 maana yake ina chuma cha vidole na pia kinga ya msumari chini. S4 ina chuma cha vidole bila hiyo kinga.

Sasa kukiri. Ile jozi ya pili ilinyeshewa, nikaiweka kando ya jiko ikauke haraka. Asubuhi kisigino kilikuwa kimejikunja kama mkate uliosahauliwa kwenye oveni. Jaza magazeti ndani, yabadilishe mara moja, kisha igeuze kichwa chini juu ya vijiti viwili kivulini. Basi.

MASWALI

Mama, mimi niko Ahero kwenye mpunga. Huku hakuna baridi. Bado nahitaji yenye joto?

Hapana mwanangu, utapika miguu. Chukua ndefu, nyepesi, isiyo na bitana, inayoshika kifundo vizuri ili tope lisikuvue buti ukabaki na soksi. Maji yasizidi shingo ya buti, maana kichocho kinaingilia kwenye ngozi iliyolowa. Siku ya Jumapili pita soko la Kibuye, Kisumu, mapema, lakini fanya ule mtihani wa kukunja.

Yangu imetoboka. Fundi wa baiskeli anaweza kuziba?

Ikiwa ni mpira, vizuri sana. Asugue kwa msasa, apake solusheni, ile gundi ya viraka, asubiri ikauke hadi isishike kidole, ndipo abandike kiraka na kukigonga. Plastiki haishiki solusheni hiyo. Kuna wanaoiyeyusha kwa chuma cha moto, na ubavuni hukaa. Pale kwenye mkunjo utarudi kwa fundi wiki ijayo.

Nikinyunyiza dawa ya viazi, suruali iingie ndani ya gambuti au ikae nje?

Nje! Dawa hutiririka kwenye suruali. Ukiichomeka, inaingia moja kwa moja kwenye soksi na unaikanyaga kutwa nzima. Na ukimaliza, osha gambuti kabla hujaivua, si baadaye.

Nimnunulie kijana wangu wa miaka saba kubwa, akue nayo?

Namba moja zaidi, weka soli ya ndani ya pili. Ukizidisha, atakuwa anaburuta, na soli itaisha kisigino kabla mguu haujakua.

Mzee wangu anasema buti za ngozi zilizopakwa mafuta ndizo zenye joto, gambuti ni ya vijana wavivu.

Mwambie mzee shikamoo, na kwa kutembea hadi kwenye kituo cha matatu yuko sahihi kabisa. Kisha mwombe aingie zizini kwangu mwezi wa nne na buti zake za ngozi. Nitamkopesha jozi yangu akitoka.

Mbona za wauza maziwa na wachinjaji ni nyeupe? Zina nguvu zaidi?

Weupe ni wa kuonyesha uchafu tu. Uliza kama zimetengenezwa kustahimili mafuta ya nyama na maziwa, kwa sababu mpira wa kawaida hulainika na kuvimba ukiloweshwa na mafuta kila siku. Nilimuuliza muuzaji mmoja hivyo, akanijibu, "Mama, ni nyeupe." Nikaondoka.