Diko likizibwa: petisheni ya umma au kesi ya madai?

Tuchukue mfano. Mtu kajenga ukuta, ukafunga njia ya wavuvi kwenda dikoni (mahali pa ufukweni wanapoegesha vyombo vyao), na msingi wake ukapasua nyumba ya jirani. Hapo pana kesi mbili. Wengi wanaonijia hapa Mombasa huzitia katika karatasi moja, na hapo ndipo hupotea.

Hatua ya 1: Tenga chako na cha wote. Nyumba iliyopasuka ni kesi ya madai ya kawaida: hati ya madai, kiapo cha kuithibitisha, taarifa za mashahidi na nyaraka. Njia ya dikoni ni ya umma, nayo hupelekewa petisheni, yaani maombi kwa mahakama ya kulinda haki za Katiba, chini ya kifungu cha 22 au 258 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Zamani mlango huu ulikuwa umefungwa. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga jengo lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, Mahakama Kuu ilimwambia hana haki ya kushtaki. Leo kifungu cha 70 kinasema wazi kwamba katika mambo ya mazingira huhitaji kuonyesha hasara yako mwenyewe. Lakini usiivishe ugomvi wa mpaka kanzu ya Katiba. Majaji huivua mapema.

Hatua ya 2: Chagua mahakama. Ardhi na mazingira huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, si Mahakama Kuu. Tangu kesi ya meli ya Lillian S, 1989, msimamo ni kwamba mahakama isiyo na mamlaka huweka kalamu chini.

Hatua ya 3: Andika petisheni. Fuata kanuni za 2013 za kuendesha petisheni za haki, zile tunazoziita Kanuni za Mutunga kwa jina la Jaji Mkuu aliyezitoa. Taja haki gani imevunjwa, na nani, na kwa namna gani. Kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979 ingali inadai ubayana huo. Kanuni ya 10 inakutaka pia utaje kesi nyingine yoyote ya madai au ya jinai inayohusiana na jambo hilo. Basi ile kesi ya nyumba itaje. Ukiificha, mpinzani ataifichua, na jaji atakuona mtu wa hila.

Hatua ya 4: Omba amri ya muda. Katika kesi ya nyumba utapimwa kwa vigezo vya kesi ya Giella ya 1973: uzito wa madai yako, hasara isiyolipika kwa pesa, na mizani inaelemea wapi. Katika petisheni, maslahi ya umma nayo huwekwa mizanini.

Hatua ya 5: Kusanya ushahidi kama wa kesi ya madai. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Wakazi wa Owino Uhuru, waliodhuriwa na sumu ya madini ya risasi (lead) kutoka kiwandani, walifungua petisheni mwaka 2016 wakiwa na vipimo vya damu mkononi. Mwaka 2020 mahakama ya hapa Mombasa iliwapa shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Petisheni huendeshwa zaidi kwa viapo vya maandishi, kwa hiyo picha, ramani ya mpima ardhi na kauli za wavuvi ziambatanishwe tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 6: Gharama. Anayeshtaki kwa nia njema kwa ajili ya umma mara nyingi haamriwi kumlipa mshindi. Kesi ya nyumba haina ahueni hiyo: ukishindwa, kwa kawaida unalipa.