Kuhamisha kaseti za demo na kanda za VHS kwenda kompyuta bila kuua makelele yake

Muziki wa metali wa andagraundi wa miaka ya 1980 ulikua ndani ya bahasha. Bendi ilirekodi demo, yaani kaseti ya majaribio, shabiki wa Florida akamnakilia mwenzake wa Sweden, huyo naye akamtumia mwingine wa Brazili, na kila nakala ikapoteza kidogo. Filamu za vitisho zilizokosa cheti Uingereza baada ya sheria ya video ya mwaka 1984 zilipita njia hiyohiyo, kopi ya kopi kwenye VHS. Na vibanda vya video vya kwetu vilikuwa na kanda zao, zile ambazo Lufufu wa Dar es Salaam alizisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Sehemu kubwa ya mali hii haijawahi kutolewa kwa namna nyingine, na utepe wa sumaku hauvumilii joto na unyevu miaka yote.

Kanuni ya kazi hii ni moja: safisha mashine mpaka ing'ae, muziki uuache ulivyo. Mkwaruzo wa gitaa, mvumo wa amplifaya na ngoma zinazopasua maikrofoni ni vitu vilivyofanywa na bendi. Kiza cha sauti kinacholetwa na hedi (kile kichwa kinachosoma utepe) chafu au iliyokaa upande ni kosa la mashine yako. Kazi nzima ni kutenganisha hivyo viwili.

Mashine na vifaa

Tafuta deki ya kaseti ya kuunganisha na redio kubwa, yenye nafasi ya kaseti moja na isiyojigeuza upande yenyewe. Deki nyingi zinazojigeuza huzungusha hedi kila upande unapobadilika, na pembe yake hailali sawa mara mbili. Vichezeo vidogo vya plastiki vyenye waya wa USB viache kabisa: mota yake huyumba, na ulichokiingiza kwenye kompyuta kikiwa kinayumba hakirudi. Deki iliyokaa kabatini muda mrefu huwa na belti zilizolegea au kuyeyuka kama lami, kwa hiyo peleka kwa fundi azibadilishe kabla haijagusa kaseti ya thamani.

Kati ya deki na kompyuta weka kadi ya sauti ya nje yenye tundu la laini. Tundu la maikrofoni la kompyuta ya mkononi halifai, kwani lingi ni la mono na huzidishiwa nguvu mno. Hitaji lako lingine ni waya wa RCA, isopropili ya asilimia 99, pamba za masikio, bisibisi ndogo ya nyota, na makasha mawili matatu ya kaseti yenye skrubu. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi, na nyingine hutiwa mafuta, kwa hiyo haiifai hedi.

Kagua kaseti kabla ya kuicheza

Iangalie kwenye mwanga, kupitia kidirisha. Vumbi jeupe pembeni mwa utepe uliojiviringisha ni ukungu, jambo la kawaida kwa kanda zilizokaa mwambao. Kaseti hiyo usiicheze: utaupaka ukungu kwenye hedi, kisha kwenye kila kaseti inayofuata. Iweke peke yake mahali pakavu mpaka ukungu uwe unga mkavu, kisha ufute nje ukiwa umevaa barakoa.

Tazama pia kipande kidogo cha sponji au kitambaa nyuma ya utepe, katikati ya mdomo wa kaseti. Ndicho kinachousukuma utepe kwenye hedi. Gundi yake huzeeka, kikaanguka, na sauti ikawa inakuja na kupotea. Kama kasha lina skrubu, lifungue likiwa limelala mezani, uhamishie vigurudumu na utepe kwenye kasha jipya. Kama limegandishwa, pitisha wembe mpana kwenye mshono taratibu. Usilipinde, kwa sababu vipande vya plastiki vikiruka vitaukata utepe.

Vunja vile vidude viwili vya juu vinavyoruhusu kurekodi. Kidole kikikosea kitufe, sekunde tatu za demo zimekwenda moja kwa moja. Kisha ipeleke mbele kaseti mpaka mwisho na kuirudisha mara moja, ili mvuto wa utepe ulingane. Kwa kaseti ya dakika 120 tumia kalamu na subira: utepe wake una unene wa takriban maikroni 9 tu, nusu ya ule wa dakika 60, na deki huutafuna upesi.

Usafi na pembe ya hedi

Lowesha pamba kidogo, pitisha kwenye hedi, kwenye mhimili mwembamba wa chuma unaovuta utepe, na kwenye rola ya mpira, ukibadilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Subiri dakika tano zikauke. Kwa kaseti zinazoacha unga wa kahawia, rudia baada ya kila upande.

Sasa pembe ya hedi, ambayo mafundi huiita asimathi. Wengi huiruka hatua hii, na hapa ndipo matoazi ya demo nzuri yanapopotelea. Deki iliyonakili kaseti yako miaka hiyo ilikuwa na hedi iliyoinama kwa pembe yake, na deki yako ina pembe nyingine. Tofauti ndogo isiyoonekana kwa macho inatosha kuzima sauti kali zote. Watu husikia hivyo, wakasema kaseti imekufa, kisha wanaongeza sauti kali kwa programu. Wanachoongeza ni mchirizo mtupu, ile shii ya utepe.

Pembeni mwa hedi kuna skrubu mbili. Ile yenye springi, mara nyingi iliyotiwa rangi kidogo, ndiyo ya kurekebisha. Weka alama ilipokuwa. Cheza kaseti, vaa hedifoni, na uweke kompyuta ichanganye kushoto na kulia kuwa mono. Sababu ya mono ni hii: hedi ikiwa upande, chaneli moja hutangulia nyingine kidogo, na zikichanganywa sauti kali hufutana, kwa hiyo kosa dogo husikika wazi. Zungusha skrubu robo ya robo ya mzunguko, taratibu, kwenda na kurudi, mpaka sauti ifunguke. Usiyasikilize magitaa, maana distosheni hujaza katikati na kukudanganya. Sikiliza matoazi, hasa haihati. Zikisikika kama chuma badala ya mvuke, umefika. Rudisha stirio. Fanya hivyo kwa kila kaseti na kila upande, na ukimaliza kazi rudisha skrubu kwenye alama.

Kama matoazi bado ni mazito baada ya hapo, hasara ilitokea kwenye kunakili, vizazi viwili au vitatu nyuma, na hakuna skrubu ya kuirudisha. Tafuta nakala iliyo karibu zaidi na bendi.

Dolby, mfumo wa kupunguza mchirizo, iguse baada ya pembe tu. Mfumo huo hupima sauti kali ili ujue kiasi cha kushusha, na hedi ikiwa upande unapima vibaya na kuzidisha kiza. Kaseti nyingi zilizobadilishwa kwa posta hazikurekodiwa na Dolby hata kama karatasi yake ina alama. Cheza kwa kuiwasha na kuizima, ukifuata mwisho wa nyimbo pale matoazi yanapofifia. Yakimezwa ghafla, izime.

Kasi

Kaseti inatakiwa iende sentimita 4.76 kwa sekunde. Deki ikikimbia asilimia 1, sauti inapanda karibu moja ya sita ya nusu toni. Kwa muziki mwingine ungelinganisha na noti ya A ya hezi 440, lakini bendi hizi hushusha nyuzi mpaka C au B, nyingine kwa sikio tu, kwa hiyo gitaa si shahidi. Shahidi ni mvumo wa umeme.

Amplifaya karibu zote za kurekodia demo zilivuma, na mvumo hufuata umeme wa nchi: hezi 60 Marekani, hezi 50 Ulaya na Afrika Mashariki. Chukua sekunde chache kabla ya wimbo, gitaa likiwa limewashwa na halijapigwa, ufungue kipimo cha masafa kwenye programu ya Audacity. Demo ya Florida ikionyesha kilele kwenye hezi 61.2, inakimbia kwa asilimia 2, nawe irekebishe kwa kiasi hicho. Kwanza simamisha utepe uangalie kama deki yako yenyewe haivumi, la sivyo utakuwa unapima umeme wa nyumbani kwako.

Kurekodi

Bit 24, kiwango cha 96,000 au 48,000 kwa sekunde. Acha vilele vifike kati ya desibeli −10 na −6; muziki huu una nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho, na kilele kimoja kikigonga sifuri, vipo mia vingine. Kwenye kompyuta zima kila kinachojiita uboreshaji wa sauti au urekebishaji wa sauti wa kujiendesha, kwani hupandisha mchirizo katikati ya nyimbo na kuubana muziki unapoanza. Tumia betri badala ya chaja: chaja nyingi huingiza mlio kwenye waya, na umeme ukikatika hupotezi upande mzima.

Rekodi upande wote bila kusimamisha. Nusu saa ya stirio kwa bit 24 na 96,000 ni takriban gigabaiti 1. Faili hiyo ndiyo asili, usiiguse. Tengeneza nakala ndipo ukate nyimbo. Kitufe cha kuondoa mchirizo usikibonyeze. Programu haiwezi kutofautisha mchirizo wa utepe na mkia wa toazi au mnguno wa gitaa, na demo iliyosafishwa hivyo husikika kama imepigwa chini ya maji.

Ukikuta kaseti inayocheza taratibu mno upande mmoja, na upande wa pili unakwenda kinyumenyume, usiitupe. Huenda ni kaseti asilia ya mashine ya njia nne kama Portastudio, ambayo tangu mwaka 1979 iliwapa bendi studio ya chumbani. Njia zote nne zinakwenda upande mmoja, na mashine nyingi za aina hiyo zilitumia kasi maradufu. Azima mashine yenyewe, yenye mfumo uleule wa kupunguza mchirizo. Hiyo kaseti ina thamani kuliko demo yoyote iliyotokana nayo.

Kanda za VHS

Vunja kidude cha kurekodi hapa pia. Hedi za video zimo kwenye ngoma inayozunguka mara 1,500 kwa dakika kwa mfumo wa picha wa PAL, na pamba ya masikio huzing'oa. Tumia kipande cha ngozi laini ya swala kilicholoweshwa isopropili, ukishikilie palepale kwenye ngoma huku ukiizungusha ngoma kwa mkono wa pili. Usisugue juu-chini hata mara moja.

Angalia mfumo wa picha. Kanda za hapa na za Uingereza ni PAL, mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Za Marekani ni NTSC. Deki nyingi za PAL zinazodai kucheza NTSC hutoa mchanganyiko ambao televisheni hukubali lakini kadi ya kunasia picha hukataa, ikakupa rangi nyeusi na nyeupe. Kwa hizo tafuta deki ya NTSC halisi.

Kopi ya kopi hupinda juu ya picha kama bendera kwenye upepo. Dawa yake ni kupitisha ishara kwenye kifaa kinachopanga upya mistari. Rekoda za DVD za Panasonic, DMR-ES10 na ES15, zinajulikana kwa kazi hiyo hata zikitumika kama daraja tu. Za PAL nasa kwa ukubwa wa 720 kwa 576 bila kubana kwa hasara, na uache mistari ipishane kama ilivyo. Kuitenganisha fanya kwenye nakala, upate picha 50 kwa sekunde. Ile michirizi ya chini kabisa mwa fremu ni ya kawaida, iache kwenye asili.

Sauti inahitaji uangalifu zaidi. Kanda ya Hi-Fi ina sauti mahali pawili: ndani ya picha, na kwenye ukanda mwembamba wa pembeni. Deki zenye uwezo wa kuongeza sauti baadaye hufuta ule wa pembeni pekee. Kwa kanda yenye msimulizi, badilisha kitufe cha deki kati ya Hi-Fi na kawaida, usikilize pande zote mbili. Unaweza kukuta filamu asilia upande mmoja na msimulizi mwingine. Nasa zote, na msimulizi usimfute. Filamu ya mwongozaji Nabwana wa Wakaliga, Kampala, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, imebaki kwetu ikiwa na sauti ya msimulizi wake, VJ Emmie, kwa sababu faili asilia zilifutwa kupata nafasi ya filamu iliyofuata.

Majina na hifadhi

Karatasi ya kaseti iskani kwa dpi 600, mbele na nyuma, pamoja na mwandiko wa mtu aliyenakili. Jina la faili libebe bendi, mwaka, upande, na alama ya kaseti. Kwenye maandishi mafupi kando yake andika deki uliyotumia, Dolby ilikuwa wazi au imezimwa, na marekebisho ya kasi. Asili ya sauti igeuze FLAC, inapungua bila kupoteza kitu. Weka nakala kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti. Kaseti yenyewe irudishe mpaka mwanzo, isimamishe wima ndani ya boksi lenye pakiti ya kunyonya unyevu, mbali na spika.