Kukusanya historia ya parokia Goma: anzieni kwenye masanduku ya wamama

Jubile ikikaribia, wengi hukimbilia ofisi ya padri kutafuta vitabu vya zamani. Katika Goma, mji wa mashariki ya Kongo ambao lava ya volkano ya tarehe 17 Januari 2002 iliupitia katikati hadi ziwani, ikateketeza hata katedrali ya Mtakatifu Yosefu, ofisi hiyo si mahali pa kuanzia. Vilivyopona vingi viko majumbani, maana watu walikimbia na walichoweza kubeba.

Kila shirika la parokia litoe watu watatu: mmoja anayeheshimiwa na wazee, mmoja mwenye hati safi, mmoja mwenye simu ya kamera nzuri. Tangazeni Jumapili mbili mfululizo kwamba mnatafuta picha, vyeti na vikwembe vya sherehe, yaani vitenge vilivyochapwa kwa ajili ya siku hiyo.

Kikwembe msikidharau. Mkikunjue chote juani, kisha msome maandishi yanayozunguka picha: mara nyingi mtakuta jina la parokia, aina ya sherehe na miaka. Pigeni picha ya kitambaa kizima, halafu ya maandishi kwa karibu. Ila tarehe iliyochapwa ni ya sherehe iliyopangwa. Sherehe ikiahirishwa, kitambaa hakibadiliki. Linganisheni na picha za siku yenyewe.

Picha za karatasi zipigwe kivulini karibu na mlango, bila mwako (flashi), simu ikiwa sambamba na karatasi. Geuzeni, mpige na mgongo, hata kama una neno moja tu. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini; wino wa bic huvuja na kutokeza upande wa pili. Skochi, yaani utepe wa gundi, msiitumie kabisa, huwa ya njano na kung'oa sura za watu. Mwenye picha arudishiwe siku hiyohiyo, atie sahihi kwenye daftari.

Kwa wazee, msiulize "ilikuwa mwaka gani?" Mtapata mwaka wa kubahatisha. Ulizeni kwa matukio: kabla au baada ya uhuru wa 1960, volkano ya Januari 1977, wakimbizi wa Julai 1994, volkano ya 2002, ile ya Mei 2021. Na swali liwe dogo: "Mama, Jumapili ya kwanza baada ya kanisa kuungua, mlisali wapi? Nani alianzisha wimbo?" Hapo huja majina, huja na nyimbo ambazo hazimo katika kitabu chochote. Mwimbishaji aimbe yote, kwa lugha yake, nanyi mrekodi. Simu iwekwe juu ya kitambaa, katika hali ya ndege, na mjaribu dakika moja kwanza. Mvua juu ya mabati hufunika sauti yote, kwa hiyo ikianza, simamisheni. Dakika arobaini zinamtosha mzee.

Kitabu cha ubatizo kikiungua, bado kuna njia. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimtaka paroko kupeleka nakala ya vitabu kwa askofu kila mwisho wa mwaka, na kabla ya 1959 Goma ilikuwa chini ya askofu wa Bukavu: ulizeni huko pia. Aliyefunga ndoa parokia nyingine alipeleka cheti cha ubatizo, nacho huenda kiko katika faili ya ndoa. Mapadri Weupe (Wamisionari wa Afrika) nao waliandika shajara katika kila misioni, na hifadhi yao kuu iko Roma. Andikeni barua kupitia jimbo.

Majina ndiyo yatakayowachosha. Mwaka 1972 rais Mobutu alipiga marufuku majina ya kikristo, basi Yosefu wa kitabuni anaweza kuonekana kwenye karatasi za serikali kwa jina la ukoo pekee. Msiunganishe watu wawili kwa jina tu; hakikisheni jina la baba, la mama na la msimamizi wa ubatizo vinalingana.

Kwenye fomu zenu msiweke nafasi ya kabila wala ya shamba la mtu. Orodha ya namna hiyo ikianguka mikono mibaya hapa Kivu, inaweza kuhatarisha uhai wa watu. Mtu akiomba jina lake lisitajwe, lifutwe.

Faili zipewe jina linaloanza na tarehe, mwaka mbele: 2002-01-17. Nakala ziwe tatu, na moja ikae nje ya Goma. Karatasi zenyewe ziwekwe kwenye sanduku la bati, juu ya matofali mawili kukwepa unyevu, karibu na mlango, na watu wawili wajue ufunguo uko wapi.