Mwili wako na mtindo wa kung fu
Kabla hujachagua mtindo wa kung fu, angalia kwanza mikono na miguu yako. Mwenye viungo virefu hufurahia Changquan au Choy Li Fut, ambamo ngumi hunyooshwa mbali au huzungushwa kwa upana kutoka begani na urefu wa mkono ni silaha tosha. Mfupi akipigana kwa umbali huo atapata tabu bure. Wing Chun humfaa zaidi, kwa kuwa kazi yake ni ya karibu: viwiko vinalinda kifua, ngumi zinakwenda moja kwa moja. Mnene mwenye mapaja mazito naye asijidharau. Hung Gar husimama juu ya mkao wa mpanda farasi, magoti yamekunjwa na nyonga ziko chini, kwa hiyo uzito wake unamsaidia asiyumbe. Magoti yakianza kuuma, inua mkao kidogo, hakuna anayekupa tuzo kwa kushuka. Mwembamba mwepesi ajaribu Baguazhang, ambamo mpiganaji hutembea kwa kuzunguka duara. Lakini mwalimu akilazimisha kila mwanafunzi ashuke kimo kilekile, bila kujali miili yao, mimi ningetafuta mwingine.