Mbalanga usoni: jinsi ya kutoka nje bila kujifunika

Mi nina mbalanga, yale mabaka meupe ya ngozi, hospitali wanaita vitiligo, imenizunguka macho, mdomo na vidole vyote, mwaka wa 12 huu niko nayo hapa hapa Dar. Naandika kwa ajili yako ambae baka la kwanza limetokea juzi na usiku hulali.

Kwanza nenda ukapimwe, maana mtaani watakwambia ni ukoma. Baka la ukoma mara nyingi lina ganzi, la mbalanga ukiligusa unahisi kama kawaida. Hujalogwa na humwambukizi mtu, ni kinga ya mwili wako inaua seli zinazotengeneza rangi ya ngozi.

Alafu andaa jibu lako, hili limenisaidia kuliko krimu yoyote. Kwenye daladala mtu atakukodolea macho toka Mbagala mpaka Kariakoo, na ukikutwa huna jibu unajikuta unaeleza maisha yako yote kwa mtu usiemjua, unashuka umechoka. Mi langu ni "shikamoo mama, ni mbalanga tu, haiambukizi," basi, naongelea foleni. Lisemee kwenye kioo mpaka sauti isitetemeke. Anaesema pole umeungua na moto, au anataka kukupeleka kwa mganga, mwambie asante nina daktari, huna deni la maelezo. Mtoto akiuliza chuchumaa umwache akushike mkono, wao wakishashika wanaendelea kucheza.

Kutoka bila kujipaka poda usianzie harusini, anzia duka la Mangi asubuhi, kesho yake nenda sokoni, kazini baadae kabisa. Na ukitaka kujipaka jipake, uso ni wako, ila isiwe kwamba bila poda huwezi hata kununua mkate.

Jua sasa. Yale mabaka yanaungua haraka, kwa iyo paka losheni ya jua ya SPF 30 kwenda juu (SPF ni kipimo cha kinga ya jua), vaa kofia au mtandio. Mkorogo wa kung'arisha sehemu iliyobaki usiguse jamani, mingine ina zebaki. Muhimbili kuna kliniki ya ngozi, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, waulize kuhusu krimu na tiba ya mwanga, uso huwa unarudisha rangi vizuri kuliko vidole, na omba wakupime tezi ya shingo (thyroid) pia.

Tafuta na mwenzio. Picha za Winnie Harlow, yule mwanamitindo mwenye mbalanga, nilizitazama sana, lakini siku niliyomwona mama anauza mihogo na mikono kama yangu, anacheka na wateja, nilinunua mihogo nisiyoihitaji ili nikae pale tu.

Na picha za shughuli, ongea na mpiga picha mapema asifute mabaka kwenye kompyuta. Harusi ya dada yangu walinifuta, mama akauliza huyu nani, nikawarudishia wazitengeneze upya.